Deni la Kura

Katika mambo ambayo binadamu huyatamani, uongozi ni moja la mbele. Mwenye njaa akila hushiba, na mwenye kiu akinywa hutulia. Lakini mwenye tamaa ya cheo aghalabu hana kipimo cha kutosheka. Kwa sababu hiyo wako wazee wengi waliofundisha kuwa mtu mwema na ajiepushe na siasa, kama mwenye kanzu nyeupe ajiepushavyo na matope. Fundisho hilo lina busara yake, ila lina upungufu mmoja: matope hayakauki kwa kuepukwa. Watu safi wakiipisha njia, njia haibaki tupu. Huachiwa wale wasiojali kuchafuka wala kuwachafua wengine.

Basi swali ninalotaka tulitazame ni hili: mtu akipenda kwa moyo wa kweli kuyatengeneza maisha ya watu wa mashamba, je, yampasa kugombea cheo cha serikali? Na akiisha kukata shauri la kugombea, je, nia yake njema yatosha kuhalalisha kila njia atakayoipita ili apate kushinda? Swali hili si la wazee peke yao. Wewe msomaji kijana, ambaye leo wavaa sare ya shule, hazitapita siku nyingi utatimiza miaka 18, nawe utakuwa na kura mkononi. Afadhali kulifikiri jambo hili sasa, wakati hakuna anayekuomba kitu, kuliko kulifikiri siku ile mtu amesimama mlangoni pako na noti.

Nchi niijuayo vizuri ni ile iliyo kati ya Kitale na Bungoma. Msafiri akitoka Kitale kwenda kusini hupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu mpaka Webuye, ndipo ageuke magharibi afike Bungoma. Upande wake wa kulia mlima Elgon humsindikiza kwa mbali sehemu kubwa ya safari. Kando ya njia ni mahindi, na akiikaribia Bungoma huanza kuona miwa. Ukiitazama nchi hii katika mwezi wa Agosti, mahindi yakiwa marefu kuliko mtu, utadhani umaskini haukupata kukanyaga hapa.

Lakini rutuba ya udongo na utajiri wa mkulima ni mambo mawili mbalimbali. Wakati wa ukoloni ardhi ya Trans Nzoia ilitengwa kwa ajili ya walowezi. Reli ilifika Kitale mwaka 1926 ili kuchukua mazao yao, na Waafrika waliingia katika mashamba hayo kama vibarua. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 wananchi wengi walipata ardhi, wengine kwa kugawiwa na serikali, wengine kwa kuchanga fedha zao kidogo kidogo na kununua shamba pamoja. Leo wajukuu wa watu hao ndio wakaao humo, na shamba lililokuwa la mtu mmoja limekuwa vipande vya jamaa wengi. Mkulima hununua mbegu na mbolea kwa fedha za kukopa. Akivuna, barabara ya kwenda sokoni imekatwa na mvua na gari haliingii. Basi mlanguzi humfuata nyumbani kwake, hupima mahindi kwa gorogoro, na hutaja bei aipendayo mwenyewe. Si kwamba mkulima haijui bei ya mjini. Aijua sana, ila hana njia ya kuifikia.

Naeleza habari hizi ili ifahamike kwamba taabu nyingi za watu wa shamba hazikutokana na uvivu. Mtu aweza kulima vizuri, akapalilia vizuri, akavuna vizuri, na bado akabaki maskini kwa sababu ya kitu asichoweza kukitengeneza peke yake: barabara, maji, zahanati au soko. Vitu hivyo ni vya wote, na kitu cha wote hakina budi kuwa na mtu wa kukisemea.

Jioni moja, mwishoni mwa mwaka 2021, mwalimu mwenzangu alinijia nyumbani. Ni mtu aliyenitangulia kwa umri na kwa kazi, na watoto wengi wa sehemu zetu wamejifunza kusoma mikononi mwake. Katika wadi yetu palikuwa na kidaraja juu ya kijito, nacho kilichukuliwa na maji. Kwa muda wa miaka mitatu watoto walivuka juu ya magogo mawili, na siku za mvua kubwa hawakuvuka kabisa. Mwenzangu akaniambia, “Mwalimu, mimi huandika katika daftari la mahudhurio kwamba mtoto fulani hakuja. Nimeandika hivyo miaka mitatu. Lakini daftari halina nafasi ya kuandika kwa nini hakuja. Nataka kwenda mahali ambapo nitaiuliza hiyo kwa nini.” Akanieleza kuwa ameazimia kugombea uwakilishi wa wadi katika uchaguzi wa mwezi wa Agosti 2022.

Sikumjibu upesi, kwa kuwa nililijua gharama ya neno lile. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 iliweka sharti kwamba mtumishi wa umma anayetaka kugombea ajiuzulu miezi 6 kabla ya siku ya kura. Maana yake ni kuwa mtu mwenye mke, watoto wanne na mzazi mzee angeacha mshahara wake mwezi wa Februari kwa ajili ya kitu ambacho huenda asikipate mwezi wa Agosti.

Kabla ya kumsifu au kumlaumu, ni haki tujue kwanza cheo alichokitaka ni cha kazi gani. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliigawa Kenya katika kaunti 47, na serikali za kaunti zilianza baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Serikali hizo zilikabidhiwa mambo yanayogusa maisha ya shamba kila siku: zahanati, kilimo na mifugo, barabara za kaunti, maji, masoko, shule za watoto wadogo na vyuo vya ufundi vya vijijini. Katiba iliamuru kaunti zote kwa pamoja zigawiwe sehemu isiyopungua asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya taifa. Trans Nzoia ina wadi 25, na Bungoma ina wadi 45. Kila wadi huchagua mwakilishi mmoja aketi katika Bunge la Kaunti kwa muda wa miaka 5.

Kazi ya mwakilishi huyo ni ya namna tatu. Huwasemea watu wa wadi yake; hutunga sheria za kaunti na kupitisha makadirio ya fedha; na huichunguza serikali ya kaunti ili ijulikane fedha zimetumikaje. Hakukabidhiwa sanduku la fedha. Hajengi kidaraja kwa mkono wake mwenyewe. Huuliza kwa nini hakikujengwa, na huendelea kuuliza mpaka jibu lipatikane. Lakini nenda kijijini uone jinsi watu wengi wanavyomwelewa. Wamtaka alipe karo za watoto, anunue majeneza, achangie harusi, na asipite sokoni bila kuacha kitu. Mtu aliyechaguliwa kuwa muulizaji amegeuzwa kuwa mtu wa kuombwa. Na mtu anayeombwa mchana kutwa hapati wasaa wa kuuliza.

Sasa tulitazame swali la kwanza: je, ni halali mwalimu kuliacha darasa lake akatafute cheo? Wako wasemao kuwa ni usaliti. Husema kuwa darasani ndiko taifa linakojengwa, na anayetoka humo ameacha jembe shambani kabla ya jua kuchwa. Siwezi kuwabeza wasemao hivyo. Hata hivyo historia yetu yatuonyesha mfano wa namna nyingine. Masinde Muliro, mzaliwa wa upande wa Bungoma, alisoma katika Chuo Kikuu cha Cape Town, akarudi nyumbani mwaka 1954, akawa mwalimu. Alifundisha pia katika chuo cha ualimu cha Siriba. Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wenyewe katika Baraza la Kutunga Sheria, naye akagombea katika Nyanza ya Kaskazini na kushinda. Wajumbe waliochaguliwa mwaka huo walikuwa wanane. Miongoni mwao wasiopungua watano walikuwa wamepata kushika chaki: Muliro mwenyewe, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Daniel arap Moi na Bernard Mate. Katika nchi jirani Julius Nyerere aliacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aiongoze TANU, na watu wakaendelea kumwita Mwalimu mpaka mwisho wa maisha yake.

Kwa hiyo darasa na baraza si maadui. Mwalimu mwema akiingia barazani huenda na tabia aliyoizoea: kusoma kabla ya kusema, kusahihisha bila chuki, na kuwakumbuka walio nyuma. Lakini naongeza neno moja la tahadhari. Anayeliacha darasa kwa sababu amelichoka hatapata pumziko barazani. Anayestahili kuliacha ni yule ambaye lingali likimuuma moyoni anapoliacha. Mwenzangu alikuwa wa namna hiyo, na kwa hiyo nilimwambia, “Nenda, ndugu yangu, nasi tutakuwa nawe.” Akaandika barua ya kujiuzulu.

Swali la pili ndilo zito, nalo halikuchelewa kuja. Mwenzangu hakuwa na chama. Katiba yamruhusu mgombea wa wadi asiye na chama asimame akiungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi ile. Tulizunguka naye nyumba kwa nyumba. Watu walitupokea kwa heshima, wakatukaribisha uji, wakatia sahihi zao bila kinyongo, na hesabu ile ikatimia na kuzidi. Siku moja tuliketi chini ya mti kwa mzee mmoja anayeheshimiwa sana. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Wanangu, maneno yenu ni matamu, na mwalimu huyu namjua, ni mtu mwema. Lakini mkono mtupu haulambwi. Wenzenu wanapita na noti. Leteni na ninyi kitu kidogo, watu wajue mnawakumbuka.”

Tukarudi kimya. Njiani kijana mmoja aliyefuatana nasi akasema maneno ambayo siwezi kuyasahau. Alisema, “Waheshimiwa walimu, hebu tufikiri. Wabaya watanunua kura, tutake tusitake. Ninyi mkikataa kununua, mtashindwa. Mkishindwa, kidaraja hakitajengwa, na watoto wataendelea kuvuka kwa magogo. Je, kipi kibaya zaidi, kutoa shilingi 200 kwa mtu maskini ambaye kwa kweli ana haja nazo, au mtoto mmoja kuanguka mtoni? Ninyi mwataka usafi wa mikono yenu, na watakaoulipia usafi huo ni watoto.”

Msomaji wangu, usiipite hoja hii kwa haraka. Si hoja ya mwizi. Ni hoja ya mtu mwenye uchungu. Daktari humchoma mgonjwa sindano ili ampe afya, na mzazi humnyima mtoto utamu ili amlinde meno. Mbona basi mgombea mwema asitende kosa dogo ili alete heri kubwa? Wala tusimlaumu kwa wepesi anayepokea. Mjane mwenye watoto watatu, ambaye chumvi imekwisha nyumbani, akipewa noti atafanyaje? Huenda tangu azaliwe hakupata kuona kitu chochote kilichotoka serikalini kikaingia kiganjani mwake. Kwake ahadi ni upepo, noti ni chumvi.

Mimi mwenyewe niandikaye nalijua jambo hili, kwa sababu nilipata kupokea. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 nilikuwa kijana, mwanafunzi katika chuo cha ualimu, na mfuko wangu ulikuwa mtupu. Mtu mmoja alitugawia shilingi 200 kila mmoja. Nilinunua mkate na sukari, nikampigia kura aliyemtuma. Miaka miwili baadaye mtu yule yule aliyeshinda alikuja katika mkutano kijijini kwetu. Barabara ilikuwa mbaya kuliko kwanza. Niliinua mkono ili nimuulize. Lakini kabla ya kuitwa nikaushusha. Hakuna aliyenizuia. Niliukumbuka mkate. Niliona kana kwamba angeweza kunitazama na kuniambia, “Wewe nilikwisha kukulipa.” Na kama angalisema hivyo, ningalimjibu nini?

Hapo ndipo nilipojifunza ninachotaka kukueleza. Kura iliyonunuliwa ni biashara iliyokwisha. Mkulima akiuza gunia la mahindi na kuhesabiwa fedha zake, hawezi kumfuata mnunuzi nyumbani akamuuliza amelipika au amelitupa. Bei imelipwa, mizani imeshuka, hakuna anayemdai mwenziwe. Lakini mkulima huyo huyo akiliweka gunia lake katika ghala la chama cha ushirika, analo jina lake katika daftari, naye aweza kwenda siku yoyote akauliza, “Gunia langu liko wapi?” Hilo halikuuzwa, liliwekwa amana. Kura iliyotolewa bure ni gunia lililowekwa amana. Aliyeipokea ni mdaiwa, na aliyeitoa ni mdai mwenye haki ya kuuliza kwa miaka mitano mizima.

Kwa hiyo kosa la kununua kura si dogo kama lilivyodhaniwa na kijana yule. Sindano ya daktari haiuui mwili inaotaka kuuponya. Lakini kura ikinunuliwa, hufa kitu kile kile ambacho mgombea mwema alikihitaji ili atende wema wake, yaani watu wanaomdai. Atasema moyoni, “Mimi nitawatumikia hata kama hawanidai.” Labda atafanya hivyo mwaka wa kwanza. Lakini yeye ni binadamu, na binadamu asiyedaiwa huchelewa. Tena fedha zile alizozitoa zilitoka mahali. Kama ni zake, atatamani zirudi. Kama alikopa, mwenye mkopo atazitaka. Kama alipewa na tajiri, tajiri ndiye atakayekuwa mdai wake badala ya kijiji. Na zitarudi kutoka wapi? Zitarudi kutoka katika mchanga na saruji ya kidaraja. Kijiji kitakuwa kimeuziwa mto wake wenyewe.

Fanya nami hesabu ndogo, ya namna tunayowapa watoto wa shule ya msingi. Mgombea akiwapa watu 3,000 shilingi 200 kila mmoja, ametoa shilingi 600,000. Ni fedha nyingi kwa mtu mmoja kuzitoa, na lazima azitafute tena. Lakini kwa anayepokea, shilingi 200 zikigawanywa kwa siku zote za miaka mitano hazifiki senti 11 kwa siku. Hiyo ndiyo bei ya kunyamaza kwake. Hakuna mtoto awezaye kununua peremende kwa senti 11; lakini mtu mzima amekubali kufungwa ulimi kwa ujira huo, mchana na usiku, miaka mitano. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 1963 haki ya kura haikuwa ya kila mtu mzima katika nchi yetu. Mwaka 1957 Mwafrika alipimwa kwanza kwa elimu yake, mapato yake au mali yake, na wengi walirudishwa. Kile ambacho babu zetu walinyimwa kwa sababu ya umaskini, sisi tunakiuza kwa sababu ya umaskini. Hasara ni ile ile. Tofauti ni kwamba sasa twaitia sahihi wenyewe.

Kuna jambo jingine. Aliyenunua cheo hawezi kukiacha, kama mtu aliyenunua ng'ombe kwa mkopo asivyoweza kumwachilia porini. Lakini ziko siku katika uongozi ambazo mtu hawezi kusema kweli mpaka awe tayari kukipoteza cheo chake. Mwezi wa Machi 1975 mbunge J. M. Kariuki aliuawa. Bunge liliunda kamati ya kuchunguza, na mwenyekiti wake alikuwa Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma. Taarifa ya kamati ilipopigiwa kura mwezi wa Juni, mawaziri walitazamiwa kusimama upande wa serikali. Masinde Muliro, ambaye wakati huo alikuwa waziri, alipiga kura pamoja na walioikubali taarifa ile. Akaondolewa katika uwaziri. Sisemi kuwa Muliro hakuwa na makosa. Alikuwa mwanasiasa miongoni mwa wanasiasa, naye alikuwa na marafiki na maadui. Nasema tu kwamba siku ile aliutazama uwaziri kama kitu awezacho kukiweka chini. Mtu anayekihesabu cheo kuwa mali yake hawezi kutenda hivyo, kwa kuwa hakuna mtu anayeiweka chini mali aliyoinunua kwa bei ghali.

Mwenzangu hakutoa noti. Alikwenda tena kwa yule mzee, akamwambia kwa adabu, “Mzee wangu, nikikupa fedha leo, kesho huwezi kunituma. Mimi nataka unitume.” Mzee akacheka, akamshika mkono, akasema, “Mwanangu, utashindwa.” Na tarehe 9 Agosti 2022 mwenzangu alishindwa. Watu zaidi ya 500 walikuwa wametia sahihi ili asimame. Kura alizopata hazikufika 500. Baadhi ya mikono iliyotia sahihi kwa furaha ilipita kando yake siku ya siku.

Nisingekuwa mkweli kama ningekuficha uchungu uliofuata. Mshahara ulikuwa umekwisha. Mke wake, aliyemwunga mkono tangu mwanzo, aliuza ng'ombe mmoja ili mtoto wa kwanza abaki shuleni. Wako waliomcheka sokoni, wakamwita mtu wa vitabu asiyejua dunia. Mwenzangu alipata kazi katika shule ya binafsi kwa mshahara mdogo kuliko ule wa zamani. Na kidaraja, mpaka wakati ninapoandika maneno haya, kingali magogo mawili. Kijana yule angeweza kunijia leo na kusema, “Sikuwaambieni?” Nami ningekubali kuwa hesabu yake ya kura ilikuwa sahihi kuliko yetu.

Lakini hesabu ya kura si hesabu yote. Miezi michache baada ya uchaguzi nilimuuliza mwenzangu kama anajuta. Akafikiri kidogo, akajibu, “Najutia mshahara, sizijutii kura. Watu mia nne na kitu walinipa kura zao bure, kila mmoja akijua kuwa ningeweza kushindwa. Mimi nadaiwa na watu hao.” Nikamwambia kuwa aliyeshindwa hana deni. Akasema, “Deni halikuwa la kushinda. Deni lilikuwa la kuuliza.”

Katiba yalitaka Bunge la Kaunti lifanye kazi yake mbele ya watu na liwashirikishe wananchi. Basi kila mwaka kaunti inapowaita watu watoe maoni juu ya makadirio ya fedha, yeye huenda na karatasi yake, ambayo juu yake ameandika jina la kijito, idadi ya watoto wanaovuka, na siku ambazo hawakuvuka. Mara ya kwanza alikwenda peke yake. Mara ya pili alifuatana na mama mmoja mjane na vijana wawili wa bodaboda. Mara ya mwisho nilipokwenda nao tulikuwa kumi na moja, na yule mzee alikuwamo. Aliinuka akauliza swali lake mwenyewe, kwa sauti kubwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa alikwisha kulipwa. Mwaka 2022 alikuwa amezirudisha noti za watu. Sikulijua hilo mpaka siku ile.

Tumerudi katika swali letu la mwanzo. Je, mtu apendaye kuyatengeneza maisha ya vijijini agombee cheo? Naamini agombee, ikiwa anaijua kazi ya cheo chenyewe na haahidi kisichomo ndani yake, na ikiwa yuko tayari kukipata kwa njia itakayomwacha na deni. Kama njia pekee ya kushinda ni kulifuta deni hilo kwa noti, basi ashindwe; maana akishinda hivyo, hatakayeshinda ni yule aliyeandika barua ya kujiuzulu, bali ni mtu mwingine mwenye sura yake. Kijiji hakikumhitaji mtu huyo. Anao wa kutosha.

Na wewe msomaji, ambaye huenda hutagombea cheo chochote maishani mwako, usidhani kwamba maneno haya ni ya wagombea tu. Kidaraja kisipojengwa, hakosi mgombea peke yake. Hukosa pia yule aliyejiuza kabla ya kuuliza. Mwaka 2027 wengi wenu mtapiga kura kwa mara ya kwanza. Atakapokujia mtu na shilingi 200, kumbuka senti 11. Mpe kura yako bure, au umnyime bure. Kisha, akishinda, mfuate kwa adabu miaka mitano, ukimkumbusha anachodaiwa. Wazee walisema kuwa dawa ya deni ni kulipa. Walisema kweli, lakini dawa hiyo haimpati mtu ambaye hakuna amdaiye.